Nyigu, Funza na Ubatizo wa Atugonza

Buswelu, Mwanza
Jumapili, 23 Novemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeiweka hapa mwanzoni ili hata ukiikunja karatasi hii kabla ya kuimaliza, salamu yangu uwe umeipata. Goti lako la kushoto linasemaje tangu mvua zianze? Na ile migomba ya nyuma ya jiko iliyolazwa na upepo, umepata mtu wa kuiwekea miti? Mimi ni mzima. Nakula sato mpaka najionea aibu, ila matoke ya huku ni ya kununua na hayana ladha ya nyumbani. Chumba changu ni kilekile. Jirani yangu amefuga bata, nao wananiamsha kabla ya kengele ya simu.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Mara mbili nimekupigia, na mara zote mbili nilipofika kwenye neno "virusi" ulisema, "Mtandao haushiki, mwanangu," ukakata. Mama, mtandao ulikuwa unashika. Nilikuwa namsikia hadi jogoo wako.

Koku ndiye aliyenieleza mambo yalivyo. Alinipigia Alhamisi, nikiwa ndiyo kwanza natoka kazini.

"Kaka, Mama anasema kazi uliyopata ni ya kufuga magonjwa," akaniambia. "Anasema ukija Krismasi utalala kwa baba mdogo, na Atugonza usimguse. Tena amemwomba baba mdogo Buberwa asimame ubatizoni badala yako."

"Na wewe mwenye mtoto unasemaje?"

Nikamsikia akimbembeleza mtoto kwanza. Kisha akasema, "Huyu mtoto nimemngoja, na wewe unajua nilivyomngoja. Mimi nasimama alipo Mama mpaka umweleze akaelewa."

Simlaumu dada yangu, na wewe sikulaumu hata kidogo. Tulishawahi kukatazwa kupeana mikono kanisani kwa sababu ya virusi. Tulishawahi kuzika jirani tukiwa tumesimama mbali kama wageni. Neno lile haliwezi kubisha hodi nyumbani kwetu likapewa kiti. Kwa hiyo sikuandikii kukuambia usiogope. Nakuandikia nikueleze nilichokiona kwa macho yangu, kuanzia mwanzo, halafu uamue mwenyewe kuhusu mimi na ubatizo. Nimefungua shajara yangu hapa mezani ili nisichanganye kilichotangulia na kilichofuata.

Unajua tayari kwamba kituoni kwetu tunafuga nyigu. Sio wale wanaojenga vichuguu vya udongo kwenye dari la jiko lako na kumchoma baba mdogo sikioni. Hawa ni weusi, wadogo kama mbegu ya ulezi, na kumchoma mtu hawawezi. Wanamtafuta funza wa mabua, yule anayetoboa mahindi yetu kuanzia kwenye moyo wa mmea. Nyigu jike humdunga funza na kumwachia mayai mwilini. Mayai yanaanguliwa humohumo, watoto wa nyigu wanakunywa damu ya funza mpaka wanakua, kisha wanatoboa ngozi yake na kutoka nje, kila mmoja anajisokotea kifuko cheupe. Funza anakufa. Baada ya siku chache kwenye vifuko vile wanatoka nyigu wapya, wanakwenda kutafuta funza wengine. Sisi kazi yetu ni kuwazalisha kwa wingi na kuwapelekea wakulima wakawaachie shambani.

Kazi yenyewe ungeiona ungecheka. Nyigu hamtaki funza asiyenuka shamba. Kwa hiyo siku moja kabla tunamlisha funza bua bichi ili achafuke kwa kinyesi chake mwenyewe. Kesho yake unamshika kwa kibano, unamsogeza taratibu kwenye chupa aliyomo nyigu. Nyigu anamgusagusa kwa vipapasio, kama wewe unavyoonja chumvi kwenye mchuzi, halafu anaruka mgongoni na kudunga. Ni kufumba na kufumbua. Mwenzangu wa kazi, Masalu, kijana wa Buhongwa, hapahapa Mwanza, huwa anamwambia funza, "Pole mzee, chanjo tu."

Mwezi wa tisa tukapata msiba. Miguu ya meza za vifuko huwa tunaisimamisha kwenye makopo ya oili chafu ili sisimizi wasipande. Kopo moja lilikauka mwishoni mwa wiki, na Jumatatu tukakuta sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani hadi mezani, wamebeba kila kitu. Tulibaki na nyigu wachache mno, tena wengi wao madume. Na tulikuwa tumeshawaahidi wakulima wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kwamba tutawapelekea nyigu kabla mahindi yao hayajatoa mbelewele.

Basi tukaletewa wengine kutoka kituo cha pwani. Walifika kwenye boksi la barafu wakiwa salama. Niliwatazama kwa kioo cha kukuzia, nikaona hawana tofauti hata ya unywele na wale tuliowapoteza. Jina lao la kitaalamu ni lilelile. Tukawapa funza wetu, wakadunga vizuri, tena kwa bidii. Tukasubiri vifuko.

Havikutoka. Funza waliendelea kula bua na kunenepa.

"Hawa wanakula bure kama shemeji aliyekuja kwa wiki moja," Masalu akasema.

Tukarudia na kundi la pili, hali ikawa ileile. Mimi nikadhani labda joto la chumba limezidi. Masalu akadhani nyigu wamechoka na safari. Tukampelekea mkuu wetu, Dokta Nyamizi. Ni mama wa makamo, asili yake Magu, mtu asiye na haraka hata akipigiwa honi. Alichukua funza mmoja aliyedungwa, akampasua kwenye tone la maji ya chumvi, akaweka chini ya hadubini. Akatazama muda mrefu. Kisha akaniita.

"Njoo uone mayai yenu."

Mama, nimesoma baiolojia mpaka kidato cha nne, na hadubini niliiona zaidi kwenye picha kuliko kwa macho. Nilichokiona sitakisahau. Damu ya funza si nyekundu, ni kama maji ya mchele yaliyokolea kidogo. Ndani yake mayai ya nyigu yalikuwa yamezungukwa, kila yai limefunikwa tabaka juu ya tabaka na vitu vidogo vilivyobanana, mpaka yai lenyewe limekuwa kahawia, mengine meusi. Yalikuwa yamezikwa, Mama. Yamevishwa sanda na kuzikwa humohumo.

"Hao waliolizunguka ni chembe za damu za funza," Dokta akanieleza. "Ni askari wake. Kitu kigeni kikiingia, wanakikumbatia mpaka kinakosa hewa."

"Mbona nyigu wetu wa zamani hawakuzikiwa mayai yao?"

"Hilo ndilo swali." Akavuta kiti. Nikajua jibu ni refu. "Nyigu haingizi mayai peke yake. Pamoja na mayai anaingiza virusi."

Nakiri nilirudisha mkono kutoka kwenye meza. Akaniona, akatabasamu, ila hakunicheka.

Sasa naomba usome hapa taratibu, maana ndipo palipotugombanisha. Alinieleza kwamba virusi hivi si kama vile tunavyovijua, vinavyotoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima. Hivi vimo ndani ya nyigu tangu anapozaliwa. Kila nyigu amevirithi kwa wazazi wake, kama wewe ulivyonirithisha paji hili la uso. Zamani sana, kabla ya watu kuwako, kulikuwa na kirusi cha kawaida kilichomwingia babu wa nyigu. Badala ya kumuua kikakaa, vizazi kwa vizazi, mpaka kikawa sehemu ya mwili wa ukoo. Sasa hakina maisha yake chenyewe. Kinatengenezwa kwenye tumbo la uzazi la nyigu jike tu, na kazi yake ni moja. Kikiingia kwa funza kinawalegeza wale askari, wanashindwa kuyakumbatia mayai. Humo ndani ya funza hakizaliani, na hakitoki kwenda kwa funza mwingine. Kinamaliza kazi, kinaishia hapo.

"Kwa hiyo si ugonjwa?" nikauliza.

"Kwa funza ni balaa. Kwa nyigu ni mali ya ukoo. Kwako wewe si kitu chochote."

"Na hawa wa pwani hawana?"

"Wanavyo. Ila virusi vyao vimezoea funza wa kule. Funza wa huku juu ni wa aina nyingine, askari wake ni wakali zaidi. Virusi vya pwani vinabisha mlango, havifunguliwi."

Nilirudi nyumbani siku ile natembea kama mtu aliyepokea barua ya ajabu. Fikiria, Mama. Nyigu wawili wanafanana kwa kila kitu, mmoja anafanikiwa na mwenzake anashindwa, na tofauti yao huioni kwa kioo chochote tulicho nacho. Kesho yake nikamrudia Dokta na maswali. Je, funza naye hawezi kujifunza akavishinda virusi vya huku? Je, nyigu wa pwani akiolewa na wa huku, mtoto anarithi vya nani? Lile la kwanza akasema wanadhani ndivyo inavyokwenda, kila upande unamkimbiza mwenzake bila kufika. Lile la pili alilijibu nusu, akaishia kusema, "Mengine hatujui." Alilisema bila aibu yoyote. Sikuwahi kumsikia mwalimu akisema hivyo shuleni, na tangu hapo naipenda kazi hii zaidi.

Swali ambalo najua ungeuliza wewe nililiuliza pia. Nilisema, "Dokta, nina dada amejifungua hivi karibuni. Mikono hii inaweza kumbeba mtoto?"

Akanitazama juu ya miwani. "Mimi wanangu wote nimewanyonyesha nikiwa kwenye chumba hikihiki. Virusi vinavyoshindwa na funza wa mkoa mwingine vitamweza mtoto wa mtu? Nawa mikono kwa sababu ya kinyesi cha funza. Hiyo ndiyo hatari yako."

Basi ikabidi tupate nyigu wa hukuhuku, wenye virusi vinavyowajua funza wa hukuhuku. Tukavuka na kivuko kwenda Kamanga, mimi, Masalu na chupa zetu tupu. Upepo ulikuwa mwingi na ziwa limechafuka rangi ya chai ya maziwa. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa alimuuliza Masalu chupa zote zile ni za nini. Akajibu, "Tunakwenda kuchumbia nyigu." Yule mama akasogeza ndoo yake mbali na sisi.

Ng'ambo tulipokelewa na Mama Kabula, mmoja wa wale wakulima tuliowaahidi. Masalu akamwamkia kwa Kisukuma, mimi nikashika shikamoo yangu. Hakutaka maneno mengi.

"Nyigu wangu wako wapi? Mahindi yanaliwa."

"Mama, tumekuja kukuomba wewe nyigu," Masalu akasema.

"Mimi? Mimi nina nyigu? Kijana, umevuka maji yote haya kuja kunitania?"

Tukamweleza tunachotafuta. Tukachora chini kwa kijiti vifuko vyeupe, vidogo, vimeshikana kama punje za mchele zilizomwagika mahali pamoja, ndani ya bua au kando ya funza aliyenyauka. Uso wake ukabadilika.

"Hayo si mayai ya funza?"

"Si mayai, Mama."

"Mimi nayachoma! Kila nikipasua bua nikiyakuta naweka pembeni, jioni yanaingia jikoni. Nilisema nikichoma na mayai yake, mwakani nitapumzika."

Masalu akashika kichwa. Mama Kabula naye akashika kiuno, akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe nilikuwa nachoma askari wangu, namwachia mwizi!" Halafu akanyanyuka, akatuongoza mwenyewe kwenye rundo la siku ile, lililokuwa bado halijaingia motoni. Humo tukapata vifuko.

Ni hapo, Mama, nimeinama juu ya rundo lile, ndipo nilipokukumbuka. Unakumbuka tulivyokuwa tukipasua mabua yaliyokauka moyo, wewe mbele, mimi na Koku nyuma na kikapu? Funza wanono tuliwapa kuku. Lakini aliyekutwa na zile punje nyeupe ulikataa asipewe kuku. Ulisema, "Huyo amebeba mayai, kuku atatupandia ugonjwa," ukampeleka jikoni kwa ncha ya panga. Koku alikuwa anaogopa hata kuyaangalia. Sikujua kwamba Kamanga kuna mama mwingine anafanya hivyohivyo.

Tulivifungia vifuko vile kwenye chupa. Baada ya siku chache nyigu wakatoka, majike kwa madume. Tukawapa funza wetu, tukasubiri tena. Safari hii Masalu hakutania hata neno. Asubuhi moja nikafungua kopo, nikaona funza wa kwanza amepauka, ubavuni mwake punje nyeupe zimetapakaa, nyingine bado zinasokotwa, mtoto wa nyigu anatikisa kichwa huku na huku kama fundi wa mkeka. Nilipiga kelele. Dokta akaja na kikombe chake cha chai mkononi.

Siku ile ndiyo niliyompigia Koku. Furaha ilinizidi, nikasema, "Tumepata virusi tulivyokuwa tunavitafuta! Nimevishika mwenyewe!" Sikujua simu iko kwenye spika, wala sikujua wewe uko pale unamkanda mtoto mafuta. Najiweka mahali pako. Mtoto yuko mapajani, na sauti ya mwanao inasherehekea kushika virusi. Hata mimi ningeita baba mdogo.

Sasa nina ombi. Najua hutaamini jambo kwa sababu Dokta wa Mwanza amelisema, na wala sitaki uamini kwa sababu mimi nimeliandika. Mahindi yako ya vuli sasa yamefika kifuani. Nenda upande ule wa bondeni, tafuta mmea uliokauka moyo, upasue bua. Chukua funza kadhaa, uwatie kwenye kopo pamoja na vipande vya bua bichi, ufunike kwa kitambaa cha kanga kuukuu na kamba. Badilisha bua likianza kunuka. Weka kopo mbali na jua na mbali na sisimizi, likisimama ndani ya bakuli lenye maji kidogo ni salama. Ukibahatika, ndani ya wiki mbili mmoja wao atatoka punje nyeupe. Usizichome. Subiri siku chache, utaona nyigu weusi wadogo wanapanda kwenye kitambaa wakitafuta mwanga.

Hao ni ndugu wa nyigu ninaowashika mimi. Virusi nilivyovishangilia kwenye simu wanavyo hao pia, maana bila hivyo wasingezaliwa. Vilikuwa bondeni kwako siku tuliyokuwa tukichoma mahindi mabichi na kugombania lililoiva zaidi. Vilikuwa kwenye mikono yako uliponivisha sare ya shule. Sikuvileta Mwanza, wala si mimi nitakayevileta nyumbani.

Usipopata kitu, sitasema umeshindwa kutafuta. Mwaka mwingine nyigu huwa wachache, hasa palipo na mtu anayechoma vifuko vyao. Hapo nitakuwa sina ushahidi mwingine, na neno lako litasimama. Baba mdogo ni mtu mwema, na Atugonza atakuwa amepata msimamizi mzuri. Mimi nitakaa benchi la nyuma na kuimba.

Nisalimie dada yangu Koku, umwambie simkasirikii na kitenge alichoniagiza nimeshakipata. Msalimie shemeji, mwambie viatu vya ukubwa wake huku vipo. Mpe baba mdogo Buberwa heshima zangu, tena mwambie asishone suti kwanza. Shangazi yangu wa Kayanga mpe pole ya jino. Jirani yetu mwalimu mstaafu, aliyenifundisha kuandika tarehe juu ya kila kitu, mwambie bado naandika. Na yule mdogo kuliko wote, mpulizie tu kwenye unyayo kwa niaba yangu, kwa sasa hiyo inatosha.

Basi linaondoka hapa alfajiri ya siku mbili kabla ya Krismasi, kwa hiyo nitashuka stendi jioni na kupanda kwa miguu hadi nyumbani. Sitaingia ndani. Nitasimama nje ya uzio wetu wa miti ya miyenzi na mzigo wangu, nitabisha hodi, na nitasubiri. Ukitoka na beseni la maji na sabuni, nitanawa mpaka viwiko, nikuamkie kwa mbali, halafu niende kwa baba mdogo bila neno. Ukitoka na mtoto, nitajua kopo lilikuwa na nini.

Mwanao anayekuombea goti lipone,
Elisha